Mshitakiwa Hakusema

"Hakuna kesi ya kujibu," hakimu alisema, akavua miwani.

Alawi, aliyekuwa mtunza ghala wa ushirika, alibaki kizimbani ameshika ukingo wa mbao kwa mikono miwili, mpaka askari akamwambia, "Shuka, bwana. Umeachiwa."

Wakili Fakhruddin alikuwa akiwatetea watu wa namna hii tangu kabla ya uhuru: makarani, wahasibu, mameneja, watu wa kalamu na mihuri. Wote aliwaambia neno lile lile siku ya kwanza: "Usinieleze ulifanya au hukufanya. Anayeshitaki ndiye wa kuthibitisha." Na hivyo ndivyo alivyoshinda leo. Alimwuliza kila shahidi wa serikali ni nani mwingine aliyekuwa na ufunguo wa ghala, na kila shahidi akataja jina jipya. Magunia ya sukari yaliyopotea yakakosa mwizi. Alawi hakuhitajika kufungua kinywa.

Nje ya mahakama, Mardhiya, mkewe, alikuwa amesimama peke yake.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba, mama. Haya, mchukue mumeo."

Hakutabasamu. Fakhruddin alikuwa anarudi Dar es Salaam, na kwao Zinga kulikuwa njiani, kwa hiyo akawapakia katika Pijo yake. Mume na mke walikaa nyuma, kila mmoja akitazama dirisha lake. Gari liliyumba polepole katika makorongo ya barabara, mikorosho huku na huku.

Zinga ilipokaribia, Mardhiya akasema, "Wakili, nina swali. Alichukua?"

Fakhruddin alimtazama kwenye kioo. "Mahakama imemwachia, mama."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza wewe uliyekaa naye."

Wakili alibadilisha gia. "Sijui. Sikumwuliza."

"Muda wote huu?"

"Ndiyo kazi yangu ilivyo."

"Mimi nilikuja mahakamani nimsikie." Hakupaza sauti. "Alipokuwa rumande nilijipa moyo, nikasema mbele ya hakimu atanena. Kumbe wewe ndiye uliyemnyamazisha. Wanangu wanasimangwa shuleni, nawaambia baba yenu si mwizi. Nawaambia nisichokijua."

"Mama Dija," Alawi alisema, "tufike nyumbani kwanza."

"Simamisha gari, wakili. Nyumbani siingii mpaka nisikie."

Fakhruddin akaegesha kando ya barabara. Alawi akasogea mbele, akauliza kwa sauti ya chini, kama alivyouliza siku zote kule mahabusu, "Wakili, nijibu?"

Jibu la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni. Fakhruddin akalimeza.

"Hapa si mahakamani," alisema. "Na mimi nashuka."

Alizima injini, akafunga mlango taratibu. Vioo vilikuwa wazi. Angesimama karibu na boneti angesikia kila neno. Alivuka barabara, akaenda kusimama kwenye kivuli cha kibanda cha muuza miwa, akageuka.

Alawi alikuwa amevua kofia yake, ameipakata. Midomo yake ilianza kucheza. Mardhiya alitazama mbele, hakutikisika.

Lori lililosheheni makuti likapita kati, vumbi likafunika kila kitu. Vumbi lilipotulia, Alawi alikuwa bado anasema, na Mardhiya alikuwa amemgeukia.