Mkono wa Najat kwenye Sinia

Jumapili, saa saba mchana, Zuena alipakua wali wa nazi na changu wa kukaanga kwenye sinia, akaliweka juu ya mkeka, na kwa mazoea akaacha nafasi ya binti yake, Najat. Mumewe, Jabiri, alikaa upande wa mlangoni. Mama mzazi wa Zuena, Bibi Tabu, ambaye macho yalikuwa yamemtupa mkono mwaka wa tatu sasa, aliegemea ukuta. Wakasema bismillahi. Jabiri alikuwa kwenye tonge la pili mkono wa mwanawe ulipoingia.

Ulikuwa wa kulia, bado una hina aliyopakwa siku ya kuagwa, umevaa sweta la kijivu mpaka kwenye kiwiko. Baada ya kiwiko hapakuwa na kitu. Ukaenda kwenye nafasi yake, ukafinyanga tonge, ukalinyanyua, na tonge lilipofika usawa wa kiwiko halikuonekana tena.

"Nani huyo wa baridi hivi?" akauliza Bibi Tabu, maana alikuwa ameguswa kidole.

"Najat."

"Si kaondoka juzi?"

"Kaondoka, mama. Umekuja mkono tu."

"Haya. Msogezeeni wali."

Simu ikaita. Najat alikuwa Kanazawa, mji wa Japani alikopata nafasi ya kusoma mwaka mzima. "Shikamoo mama. Mnisamehe, chakula cha bwenini hakinipandi, nikaona bora nile huko." Simu ameishika kwa mkono wa kushoto. Akasema kwao ni usiku, lakini saa ya ukutani inaonyesha saba, kama hii hii ya kwetu ya mchana. Bibi Tabu akasema basi Wajapani wanajua kusoma saa, siyo hawa wengine.

Ndege ikapita chini chini juu ya mabati, na wote wakanyamaza mpaka ipite, kama inavyofanywa Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege. Najat naye kule akanyamaza. Ilipokwisha akasema, "Nyumbani kabisa," sauti ikamkatikia njiani.

Bibi Tabu alichukua changu, akampasua, akaanza kutoa miiba kwa ncha za vidole. Kazi hiyo aliianza siku Najat alipokabwa na mwiba akiwa na miaka minne, na hakuiacha hata macho yalipokwenda. Miaka kumi na sita, hajawahi kusahau mwiba mmoja. Akakusanya minofu, akaisukuma upande wa mjukuu, na mkono ukala.

Jumatatu Najat alikwenda kutazama ngome ya kale. Jumanne alikwenda kwenye bustani yenye misonobari mizee iliyoegemezwa magongo isianguke. Alituma picha, na Jabiri akamsimulia Bibi Tabu moja baada ya nyingine.

"Mbona hamna mtu kwenye picha?" akauliza Bibi.

"Hamna wa kunipiga, Bibi," akasema Najat kwenye simu. "Wana adabu sana, wananiinamia. Ila toka nimefika jina langu nimelisikia mara moja tu, mwalimu alipolisoma kwenye karatasi."

"Najat," akasema Bibi. "Najat. Najat. Haya, zishakuwa nne. Kula."

Jumatano Bibi Tabu hakuamka kwa sala ya alfajiri. Mpaka saa nne turubai lilikuwa limefungwa nje, na Jabiri alikuwa amesimama mlangoni akiwaambia waliokuja kuhani: asiambiwe Najat. Ana mtihani wa lugha Jumatatu, yuko peke yake, hana wa kumshika. Na marufuku mtu kuweka picha ya marehemu kwenye status. Watu wakakubali. Ndivyo afanyiwavyo aliye mbali, na anayefanyiwa hajawahi kuulizwa.

"Na ule mkono?" akauliza jirani yao, Sekela, aliyekuwa akiwapikia.

"Mkono hauna masikio," akasema Jabiri.

Saa saba ukaja. Zuena alikuwa ndani na sinia lake, kwa kuwa Jabiri alisema asipokula atazirai. Akaona mkono umetulia kwenye nafasi yake, unangoja. Akachukua changu, akaanza kutoa miiba mwenyewe. Alikuwa na macho yote mawili, lakini yalikuwa yamejaa machozi. Akaisukuma minofu.

Mkono ukafinyanga tonge, ukasita. Ukalifungua. Ukatoa mwiba mmoja, mwembamba, ukaulaza kwenye ukingo wa sinia. Kisha ukatambaa taratibu mpaka upande wa ukutani, ukapapasa wali ambao haukuwa umeguswa, ukabaki hapo.

Simu ikaita.

"Mama, Bibi yuko wapi?"

"Kaenda Pugu kwa dada yake."

"Na macho yale?"

Ndege ikapita. Zuena alilia urefu wa ndege nzima, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mama yake mzazi jamani, na hakuna aliyemsikia. Ilipokwisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Kachukuliwa na gari," akasema.

"Haya," akasema Najat. Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetoka kupiga kelele. "Mnisalimie."

Alhamisi Bibi alikuwa amelala. Ijumaa alikuwa bafuni. Najat aliuliza kila siku, kwa upole, na kila siku alijibiwa, akasema haya. Zuena alitaka kumwambia. Usiku alimwomba Jabiri, na Jabiri akasema mtihani ukiisha. Kulipokucha akawa amefikiri zaidi, akasema muhula ukiisha.

Jumamosi, siku tatu za matanga zilipokwisha, turubai lilikuwa limeshafunguliwa. Mkono ulikuja saa saba, hina imeanza kufifia. Haukwenda kwenye nafasi yake. Ulikwenda moja kwa moja upande wa ukutani, ukachukua changu, ukampasua. Ukatoa miiba kwa ncha za vidole, mmoja mmoja, ukiipanga ukingoni, bila haraka. Kisha ukaikusanya minofu, ukaisukuma mbele ya Zuena.

Simu ilikuwa mkekani, imewekwa spika.

"Bibi hajambo?"

Jabiri akamtazama mkewe.

"Hajambo," akasema Zuena. "Anakusalimia."

"Na mie namsalimia. Kula, mama."

"Unaona?" Jabiri akamnong'oneza mkewe, akivuta wali. "Angeambiwa angechanganyikiwa huyu."

Zuena alifinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna polepole. Hapakuwa na mwiba hata mmoja.