Koti la Mtu wa Tano

Mtu anayeuawa kwenye filamu hashonewi koti moja. Anashonewa matatu, pacha watupu: moja la kutembelea akiwa hai na mawili ya kumwagiwa damu, maana hajazaliwa mwongozaji wa kuridhika na kifo cha kwanza. Mshonaji wa kikosi kimoja cha filamu walimwita Dada Pini, kwa tabia yake ya kubana pini midomoni hata anapoulizwa jambo la maana. Alikuwa ameshawavalisha marehemu wanne. Sasa alikuwa anamshonea wa tano, na wa tano alikuwa baba yake mzazi.

Hilo hakumwambia mtu. Kazi yenyewe aliichukua kama anavyochukua kazi zote, bila kuuliza sana. Filamu ilihusu kisa ambacho nchi nzima ilikijua nusunusu: bomu lililipuka hotelini, watu arobaini na wawili wakafa, serikali ikaapa kwamba damu yao haikumwagika bure. Ikaandikwa orodha ya majina tisa, wakatumwa vijana nchi za watu wakayafute moja baada ya jingine. Basi ilikuwa filamu ya kusisimua, ya kukimbizana juu ya mapaa na kujibizana kwa maneno makali. Dada Pini alikaa kuusoma mswada ili ahesabu nguo, akafika mahali ambapo mtu mwenye miwani anapigwa risasi kwenye ngazi za jengo lililo jirani na posta, funguo zikiwa mkononi. Ukurasa ule aliusoma mara nne. Ngazi zile alizijua. Siku ile alikuwa juu ya ngazi hizo, nyuma ya mlango, mtoto wa miaka saba anamsubiri baba.

Baba yake alikuwa fundi wa miwani. Walikuwa wageni katika nchi ile alikouawa, yeye kutwa anakata vioo dukani kwa watu, na hakuwahi kushika silaha hata ya kuwindia ndege. Alipokufa, mama yake alipiga hodi kwenye ofisi zote mpaka makarani wakawa wanamkwepa, akajibiwa kwamba faili la namna hiyo halipo. Aliingia kaburini akiwa bado anauliza. Na sasa mswada ulisema mtu wa tano ndiye aliyekuwa mpanga mipango wa lile kundi lililotega bomu. Ndivyo mambo yalivyo: serikali haikosei, na ikikosea humgeuza aliyekosewa kuwa mkosaji.

Uongo ulimuuma, lakini haukumuuma kuliko kumkosa. Dada Pini alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ana mume na watoto wawili, na bado alimtamani baba yake vibaya sana. Alikuwa amebakiwa na vipande vyake tu: mkono mkavu kichwani, kikohozi cha kwenye ngazi. Sauti ilikuwa imeshaanza kumpotea, akijaribu kuisikia anasikia ya mjomba wake.

Kikosi kilikuwa na mshauri, mzee mwembamba mwenye adabu zake, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wale vijana waliotumwa. Mshahara wake ulikuwa wa kusema hivi ndivyo, hivi sivyo. Popote alipoingia alitafuta kiti kinachotazama mlango. Vijana wa taa walimtania kwamba hata chooni anaingia kinyumenyume, naye alicheka nao vizuri tu, halafu bado akahamisha kiti. Ilisemekana ana watoto wakubwa ambao humpigia simu sikukuu kwa sikukuu.

Mchana mmoja, wenzao wamekwenda kula, Mshauri alikuja chumba cha mavazi kuyakagua makoti. Dada Pini alimwamkia shikamoo, pini zikiwa midomoni, akaitikiwa marahaba. Saa hiyo alikuwa ameingojea wiki tatu. Kuna siku alipanga kumwumbua mbele ya kikosi kizima, na kuna siku, Mungu amsamehe, aliutazama mkasi wake mkubwa kwa muda mrefu. Mzee alilizunguka koti lililovishwa sanamu, akatikisa kichwa.

"Rangi si hii, mwanangu. Lake lilikuwa la kahawia iliyopauka. Na mfuko wa kushoto ulikuwa umechanika, kaubana na pini."

Mfuko ule mama yake aliulalamikia kila asubuhi. Leta nikushonee, anaambiwa kesho, kesho ikaja na mambo yake. Dada Pini alikuwa ameleta chuki yote aliyoiweka akiba tangu utotoni, na alipoitafuta hakuipata. Alichokipata ni njaa. Akamwuliza yule mtu alikuwa anatembeaje, akasingizia kwamba koti hukaa kulingana na mwendo wa mwenyewe.

Mzee hakufikiri hata kidogo. Alishusha bega la kushoto, akanyoosha vidole viwili kama anagonga nondo za uzio anaopita kando yake, akatembea kutoka dirishani mpaka kwenye rafu za viatu, akikanyaga kisigino kwanza. Na Dada Pini akamwona baba yake anapita. Alikuwa ameusahau mwendo ule kabisa, na huyu alikuwa ameutunza mwilini miaka thelathini na sita.

Aliuliza mengine. Mzee alimfuata baba yake siku kumi na tisa, kwa hiyo alijua kwamba mkate aliuanza kwa ganda, na kwamba akipiga chafya moja lazima zifuate mbili. Hakuna aliye hai aliyemjua baba yake kiasi hicho. Kila jibu lilimchoma na kila jibu alilitaka. Aibu ilimshika, lakini aliendelea kuuliza.

Kisha Mshauri akakaa kwenye kiti chake cha kutazama mlango, na bila kuulizwa akasema kwamba mtu huyu hakuwa yule waliyemtafuta. Jengo lile walikaa wageni wawili wenye miwani, na ofisi ilitaka kujua ni yupi kati yao. Aliyeulizwa ni yeye. Wiki mbili baada ya kazi wakaambiwa yule wa kweli ameonekana mji mwingine, mzima wa afya, na wakaambiwa wafunge midomo.

"Nilimchagua huyu kwa sababu ya njia," alisema. "Kila jioni alipita njia mpya. Siku kumi na tisa hakurudia hata moja. Sisi tulifundishwa kwamba asiye na la kuficha hushika njia yake moja, na anayezunguka anajua anafuatwa. Nikaandika hivyo, nikatia sahihi. Mpaka leo, mwanangu, sijui yule bwana alikuwa anakwepa nini."

Dada Pini alizitoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya koti.

"Hakuwa anakwepa kitu, mzee. Alikuwa na mtoto anayemwuliza kila jioni, leo umeona nini njiani? Na mtoto mwenyewe hataki habari ya jana. Alimwambia, ukirudia sikufungulii mlango. Mtoto huyo ni mimi."

Mzee alimtazama. Mlangoni kulisikika watu wakipita na sahani zao, wakicheka, na kwa mara ya kwanza hakugeuza macho huko.

"Mbwa aliyelala kwenye kiti cha kinyozi," alisema polepole. "Alikuambia hiyo?"

"Aliniambia."

"Mwanamke dirishani, anamfokea kasuku."

"Na kasuku anamjibu. Aliniambia."

"Nilidhani anasimama atazame nyuma yake kwenye vioo vya maduka," mzee alisema. "Niliandika hivyo pia."

Dada Pini alikuwa analia, na hakujifuta. Alikuwa na swali moja tu maishani, na mama yake hakuwa na jibu lake, wala ofisi.

"Siku ya mwisho hakufika mlangoni. Aliona nini?"

Mzee alifumba macho. Akasema wapaka rangi wawili walikuwa wanapaka ukuta wa posta. Mmoja alichoka, akaegemea palepale alipomaliza kupaka, halafu akaondoka na ukuta mgongoni wala hana habari, mwenzake anamfuata nyuma amejiziba mdomo. Baba yake alisimama akacheka peke yake mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alipanda ngazi mbilimbili, funguo mkononi, bado anacheka, mtu mwenye haraka ya kufika. Alipoitwa kwa jina la yule mwingine aligeuka tu kwa ustaarabu, amwambie mwitaji kwamba amekosea mtu.

"Rangi gani?" Dada Pini aliuliza.

"Kijani."

Akavuta kiti chake, akakisogeza karibu na kiti cha mtu aliyemuua baba yake, kwa kuwa duniani hapakuwa na mwingine wa kumwuliza.

"Rudia," alimwambia. "Anzia alipotoka dukani."