Mruko wa Skeeter

Siku moja kabla ya mashindano ya jimbo ya mbwa kuruka majini, Lorna Tveit alimpeleka mbwa wake Skeeter ziwani, kwenye gati la jirani yake Duane Kolstad, akafanye mazoezi ya mwisho. Joto la Agosti lilikuwa limeikaba Minnesota nzima, na ukingoni maji yalikuwa yametandwa na kitu cha kijani, kama rangi iliyomwagika. Duane alikisukuma kando kwa kasia.

"Rekodi ya jimbo ni ya mbwa wangu," alitamba. "Huyo wako mwembamba kama ufagio ataruka nini?"

"Endelea kuchonga, mzee. Shika kamba ya kupimia."

Skeeter alitimua mbio, kucha zikigonga mbao. Lorna akarusha bata wa mpira juu, mbele yake kidogo, na mbwa akajinyoosha hewani mpaka Lorna akasahau kupumua. Duane alipima mara mbili, akavua kofia.

"Futi thelathini na moja na ushei. Huyu kaniaibisha!"

Walicheka kama watoto. Wakamwacha aruke tena na tena, na kila akimfuata bata alibugia maji.

Walikuwa wakimkausha kwa taulo alipoanza kutapika. Udenda ukamtoka, miguu ikakakamaa. Duane alishika usukani wa gari, Lorna akampakata mbwa.

"Kaza mwendo, Duane!"

"Nakaza, Lorna, nakaza!"

Skeeter alikata roho kabla hawajafika mjini. Daktari wa mifugo aliuliza ameogelea wapi, akashusha pumzi.

"Ule ukijani ni mwani wenye sumu. Hata mngemfikisha hai, sidhani kama ningemwokoa."

Kesho yake Lorna alikwenda mashindanoni hivyo hivyo, nyumbani hapakukalika. Jina la Skeeter likaitwa kwenye kipaza sauti. Likaitwa tena.

"Amekufa," Duane alijibu kutoka kwenye foleni. "Jana aliivunja rekodi yangu. Nilipima mwenyewe."

"Pole sana," mwamuzi alisema. "Lakini mruko wa nyumbani hauhesabiki, Duane. Unajua."

"Najua."

Akamfunga mbwa wake kamba, akatoka kwenye foleni. Alipomfikia Lorna alishindwa kumtazama usoni.

"Niliyaona yale maji, Lorna. Na bado nikakukaribisha."

"Hata mimi niliyaona," Lorna alisema.

Nyuma yao mbwa mwingine alijitupa bwawani, watu wakashangilia.