Sekunde Tisa za Marehemu Mussab

Siku ya thelathini na nane ya eda yake, Bi Barke aliketi mbele ya kompyuta katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Bofu, akinakili filamu za mumewe kwenye diski iliyoletwa na kamati. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, hana manukato wala wanja, na feni ilikuwa imeelekezwa kwenye mashine, si kwake. Filamu zilikuwa saba. Kamati ya tamasha ilitaka tatu tu, zile zilizo bora, zionyeshwe Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja wa Likoni kwa kumkumbuka marehemu.

Katika dakika ya thelathini na moja ya “Chumvi ya Bofu”, pale muuza viazi karai anapopuliza moto, mumewe Mussab aliingia kwa upande wa kushoto. Alikuwa amevaa shati lake la mistari ya kijani, ambalo Bi Barke alikwisha kulitoa sadaka. Muuza viazi alisogeza ndoo yake ili apate pa kusimama.

“Filamu hii ameihariri Barke binti Waleed,” Mussab alisema. “Na hadithi ni yake. Mimi nilishika kamera.”

Akatoka kwa upande uleule, na moto ukaendelea kupulizwa.

Bi Barke alirudisha nyuma, akatazama tena, akahesabu. Sekunde tisa. Alifurahi, lakini jicho lake la kazi halikulala: aliona kwamba Mussab ameingia mapema, na kwamba angalingoja kwanza moshi upungue.

Kote pwani, na hata Nairobi, Mussab alisifiwa kwa jambo moja kuliko yote: hakumtegemea mtu. Aliwafukuza wafadhili waliotaka kubadilisha miisho ya filamu zake. Alimkatalia mheshimiwa mmoja aliyetaka sura yake ionekane japo kidogo. Vijana wengi walioshika kamera baada yake walianza kwa kuyakariri maneno yake, kwamba hakuna mkono uliogusa filamu zake ila wake mwenyewe. Aliyasema redioni, na Bi Barke aliyasikia akiwa katika chumba hikihiki, akiunganisha vipande vya mwisho vya filamu ambayo mumewe alikuwa akiizungumzia.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa heshima zake, wa ukoo wa zamani, na watu wa namna hiyo hawamtaji mke mbele za watu. Nyumbani alimwita Mama Wardah. Barazani hakumwita chochote. Filamu ya kwanza alimwuliza kama amwandike jina. Bi Barke akaona haya, akasema, “La, watu watasemaje?” Filamu ya pili alingoja aulizwe tena. Alingoja miaka ishirini na sita.

Wardah, binti yao, aliingia na kahawa, akatazama kwenye kioo cha kompyuta.

“Baba amekuja?”

“Amekuja. Yuwanitaja.”

Wardah aliweka kikombe mezani. “Na hizo nyengine?”

Walizipitia zote saba. Mussab alitokea katika tatu, kila moja sekunde tisa, maneno yaleyale. Zilikuwa zile tatu ambazo, kwa sababu ya safari au maradhi, alimwachia mkewe azikate mwanzo hadi mwisho pasi na kuingilia kazi yake. Ndizo hizohizo ambazo kamati ilizichagua kuwa bora. Wardah alikwenda kumwuliza ustadhi kama eda ya mamake imeharibika kwa kutazamana na mwanamume. Ustadhi alijibu kwamba kwa mumewe mwenyewe hakuna ubaya, ila asijitie udi kwa ajili yake.

Siku ya pili alikuja Jefwa, mwashi wa mtaa wa Shika Adabu, ndiye aliyepewa lile shati. Hakuja kulalamika. Alitaka tu kujua saa za filamu, maana kila zilipochezwa shati lilitoweka kwenye kamba, naye hulivaa Jumapili. Wardah akamwandikia ratiba kwenye karatasi.

Kamati walikuja Alhamisi, baada ya alasiri. Mwenyekiti, Bwana Sharif, alikaa upande wa pili wa pazia, kama ipasavyo kwa mjane aliye edani. Karani wake, Margret, aliingia ndani kwa kuwa ni mwanamke. Walikuwa wamekwisha kuitazama diski.

“Salaam aleikum, Bi Barke. Poleni sana.”

“Aleikum salaam. Tushapoa.”

“Tumemwona marehemu,” Bwana Sharif alisema. “Mashallah, afya yake nzuri. Lakini ametupa mtihani. Watu wamjua kwa kufanya kazi peke yake. Kibao cha ukutani kishachongwa: ‘Alifanya yote kwa mkono wake.’ Sasa akisimama mwenyewe akasema sivyo, wale vijana twawaambiaje?”

“Waambieni alivyosema.”

Margret alitazama sakafu.

“Tunajua ulimsaidia sana, mama,” alisema kwa upole. “Hakuna anayekataa. Ni vile programu imeshapangwa. Tumetafuta mafundi wamtoe, wote wameshindwa. Wakimkata, anarudi. Wamesema atatolewa tu na mkono uliozikata filamu zenyewe.”

Alipokwisha kusema alimtazama Bi Barke, kana kwamba ameyasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akafungua daftari na kuandika tarehe.

Hasira zilimpanda Bi Barke, akazimeza, akajibu kwa sauti ileile aliyowakaribishia.

“Kumtoa naweza. Hata chai yenu haitapoa. Lakini nimemkatia miaka ishirini na sita, Bwana Sharif, na kila nikimkatia nalijikata na mimi. Hizi sekunde tisa sikati.”

“Mwenyezi Mungu akupe subira,” alisema Bwana Sharif. Wakamaliza chai, wakaaga.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi milangoni. Bi Barke hakwenda, maana eda ilikuwa haijesha; alimtuma Wardah akamwangalilie. Kila Mussab alipoingia, fundi wa sauti alizima spika, na alipotoka, akaziwasha. Watu waliona midomo ikisogea. Wengine walidhani yuwawaombea dua, wakaitikia amin. Mara ya tatu Wardah alisimama akapaza sauti, akayasema yale aliyokuwa akiyasema babake, neno kwa neno. Walio karibu naye waligeuka, wakamshika mkono, wakamwambia ajikaze, msiba ni mzito. Kisha kibao kikafunuliwa, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Wardah alirudi nyumbani na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti kizuri chenye muhuri, kimeandikwa: “Kwa Mjane wa Marehemu Mussab.” Bi Barke alikisoma pande zote mbili, kwa kudhani huenda jina lake liko nyuma. Halikuwako. Alilia, na hakumficha binti yake machozi.

Baadaye alikwenda chumba cha nyuma, akafungua “Chumvi ya Bofu”. Dakika ya thelathini na moja ilifika, Mussab hakuonekana. Moshi ulipanda, ukapungua. Ndipo akaingia, mahali pale hasa alipopataka mkewe, na muuza viazi akasogeza ndoo.

“Hawakukusikia,” Bi Barke alimwambia.

“Nitasema tena.”

“Ungalisema ulipokuwa hai, baba Wardah. Wakati huo walikuwa wakikusikiliza.”

Mussab aliinamisha kichwa. Kisha akayasema maneno yake yote, sekunde tisa, mbele ya mtu mmoja aliyekuwa akiyajua tangu zamani. Bi Barke alimwacha amalize. Akazima mashine, akaenda kutia udhu.

Kule Shika Adabu shati lilirudi kwenye kamba, na Jefwa akalianua.