Pombe Hii Ni Ya

Alhamisi saa kumi na moja jioni, kabla baa ya kiwanda cha bia haijafunguliwa kwa watu wa kawaida, waonjaji saba walikaa kwenye meza ndefu inayotazamana na matangi. Mkubwa wao alikuwa karani wa bima, wenzake walimwita Profesa Povu. Hakumeza bia mpaka aizungushe, ainuse, kisha aikague kwenye mwanga wa dirisha kama mama anayekagua shingo ya mtoto aliyesema ameoga. Mwaka juzi waonjaji hawa walitaka bia chungu ya kukunja uso. Mwaka jana wakataka yenye ukungu, na aliyeagiza bia angavu akaonekana mshamba. Mwaka huu walitaka bia yenye hadithi.

Kiwanda hiki kidogo kilikuwa nayo. Ilikuwa bia ya mtama iliyotiwa ganda la chungwa lililobabuliwa, na kwenye lebo alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe, juu ya maneno: Bia ya Babu, Mapishi ya Ukoo. Babu hakuwahi kuwepo. Picha ilikuwa ya baba yake mchoraji wa lebo, mtu ambaye hata soda humpa kiungulia.

Aliyekuwepo ni mama wa mpishi wa bia. Alipika pombe hiyo uani kwake miaka ishirini, akasomesha watoto wanne, akavunjiwa vyungu na askari mara tatu. Majirani walikunywa kwake jioni na kumsengenya asubuhi. Alipofariki, binti yake alirithi mapishi na mwiko mrefu, akaja navyo kiwandani siku ya usaili. Mapishi yalipendwa, naye akaajiriwa.

Miaka saba baadaye lebo mpya zilikuwa karibu kuchapwa. Mpishi akaenda ofisini.

"Bosi, mimi sitaki makubwa. Andika Bia ya Mama, basi."

"Dada yangu, mama anayepika pombe uani ni kesi. Babu akipika ni urithi."

"Lakini si husemwa chema chajiuza?"

"Kingekuwa kinajiuza nisingeajiri mtu wa matangazo." Mwenye kiwanda hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yaende. "Haya, tufanye hivi. Waonjaji wakiuliza habari za mama yako, hata mmoja, nabadilisha lebo."

Ndiyo sababu, kwa pishi la waonjaji, mpishi aliacha mashine ya kukoroga na kukoroga kwa mwiko wa mama yake mwanzo mpaka mwisho. Mabega yalimuuma siku nne.

Sasa glasi zilikuwa mezani.

"Mnasikia nini?" Profesa Povu aliuliza. Kwa wataalamu ladha haionjwi tu, husikika.

"Nasikia chungwa," alisema mwanamke mwenye duka la baiskeli.

"Mimi nasikia mwanamke," alisema daktari wa meno.

Wakarudia funda. Ni kweli. Povu lilipokuwa likipasuka, ndani ya glasi ilitoka sauti ya mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo: "Koroga taratibu, mwanangu. Uji ukishika chini umeharibika."

Wakaandika. Profesa Povu alibainisha kwamba sauti huja kwenye funda la pili na kubaki kooni.

Nyuma ya meza, mpishi alimtambua mama yake tangu neno la kwanza. Alifurahi mpaka akaegemea tangi.

"Chungu changu walikivunja," sauti iliendelea. "Pombe hii ni yangu."

"Amesema chungu," alisema mwenye duka la baiskeli.

"Mimi sioni kama ni chungu hivyo. Ningesema wastani."

"Inategemea na ubaridi. Ikipoa sana ukali hujificha."

Wakajadiliana kama glasi pana ingeitoa sauti vizuri zaidi. Mpishi alivumilia, kisha akashindwa.

"Ni chungu cha kupikia," alisema. "Huyo ni mama yangu."

Waligeuka wote, wakamtazama kwa heshima. Hawakuwa watu wa dharau.

"Pole sana, dada," alisema Profesa Povu, na ilionekana imemgusa. Akaweka kalamu tayari. "Na babu je, yeye alipenda iwe chungu kiasi gani?"

Bia ilipata nyota nne na nusu. Kwenye maelezo waliandika kwamba babu apewe maua yake. Nusu nyota ilikatwa kwa sababu sauti ilizungumza mno, ikafunika chungwa. Lebo zikachapwa.

"Ipunguze sauti hiyo kidogo," mwenye kiwanda alimwambia mpishi Jumatatu. "Isikike, ila isieleweke sana. Au turudi kwenye mashine tupu, uamuzi wako."

Mpishi alilia chooni, akanawa uso, akarudi. Kumsikia mama nusu kulimuuma, lakini kutomsikia kabisa kungemmaliza. Akakoroga kwa mwiko mpaka katikati ya pishi, kisha akawasha mashine.

Bia hiyo ndiyo inayonywewa sasa. Glasi zikishafika mezani baa nzima hunyamaza, watu wakasogeza masikio kwenye povu. Maneno ya mwanzo ni manung'uniko, na wanywaji husema huo ndio uzuri wake, kila mtu anapata tafsiri yake. Kisha sauti husafika kidogo, ikasema, "Pombe hii ni ya," ikakatika hapo.

"Babu!" baa nzima huitikia, na glasi hugongana.

Nyuma ya matangi mpishi humalizia silabi iliyobaki kwa sauti ndogo, kisha huendelea kupima joto.