Anaingia Ameshiba, Anatoka na Njaa

Nilikuja kwa binti yangu kukaa wiki mbili tu, apumue kidogo. Mvua zimekuja zikaenda, nami bado nakoroga uji alfajiri. Huko nyumbani mdogo wangu kafanyiwa upasuaji wa macho, yuko peke yake, anapapasa kuta. Kila asubuhi hunipigia simu. "Dada, unakuja lini?"

Kilichonifunga huku ni vitendawili. Mjukuu wangu mdogo tunamwita Donge, maana chakula hukiweka shavuni akakaa nacho mpaka mchana. Siku moja nikamtegea kitendawili, akasahau kubana mdomo, akameza. Kaka yake, Kijogoo, akadai na yeye ategewe. Tangu hapo ni kijiko kimoja, kitendawili kimoja, na mtegaji lazima awe Bibi. Mama yao akishika bakuli, midomo inafungwa. Naye ni fundi cherehani kiwandani. Saa moja geti likishafungwa, kazi ya siku hiyo huna.

Jana jioni nilimfundisha binti yangu vitendawili huku tukimenya viazi. Tukapatana: leo watoto waambiwe Bibi ameshaondoka. Wakila kwa mkono wake, kesho napanda basi. Asubuhi nikajifungia chumbani na begi langu, sikio mlangoni.

"Kitendawili," nikamsikia.

"Tega," wakaitika shingo upande.

Cha ndizi wakakipata. Cha kivuli wakakipata. Donge akameza, nikasikia kabisa. Nikafunga zipu ya begi polepole.

"Anaingia ameshiba, anatoka na njaa."

"Paka," akasema Kijogoo.

"Paka gani wa humu anatoka na njaa, wewe? Siyo."

"Basi tumeshindwa. Chukua mji, utuambie."

Jibu lilikuwa limemtoka akilini.

"Ni... tumbo."

"Tumbo linaingia wapi, Mama?"

"Kuleni kwanza, nitakumbuka."

"Bibi hasahau," akasema Donge, sauti nzito, shavu limejaa.

Na jibu kalishika mkononi. Kalijaza uji, anampelekea mtoto mdomoni, halioni. Nikauma ncha ya kilemba. Angeachwa kidogo angejikwamua, angetega kingine, wangekula. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini kitendawili kikining'inia bila jibu, mimi mwili mzima unaniwasha.

"Kijiko, mwanangu. Hicho ulichoshika."

Viti vikasukumwa. "Bibi yumo. Bibi yumo ndani." Viganja vikaanza kupiga mlango.

Nilipofungua, binti yangu alikuwa amesimama na bakuli, uso umemshuka. Afadhali angenigombeza.

"Dakika mbili tu ungeninyamazia, Mama."

"Najua, mwanangu. Limenitoka tu."

Akatazama saa, akanikabidhi bakuli na kijiko, akatoka mbio, viatu mkononi.

Donge hakupoteza muda. Meza ile imemzidi kimo, siku zote hula kapiga magoti. Akaburuta begi langu kutoka chumbani, kaka yake akamsaidia kulipandisha kwenye kiti, akakaa juu yake. Likamtosha, utadhani lilishonwa kwa kazi hiyo.

"Tega, Bibi," akasema, akafungua mdomo.

Chumbani simu ikaanza kuita. Saa hizo anayenipigia ni mmoja tu.

Nikajaza kijiko.