Picha za Gari Tu

Mzee Geji alikuwa na picha mia nne na kumi na mbili za magari ya zimamoto ya zamani, na katika hizo zote hapakuwa na uso wa mtu hata mmoja. Wala haikutokea kwa bahati mbaya. Watu aliwaondoa mwenyewe, kwa mkasi, mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo aliifanya huku akipiga mluzi.

Tumwelewe kwanza kabla hatujamlaumu, maana kulaumiwa atalaumiwa tu. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa dereva wa zimamoto. Wenzake walipokimbilia moto na mipira ya maji, yeye alibaki kwenye gari, macho kwenye geji ya presha, na jina likamganda hapo. Alipostaafu, kituo kilikuwa kinatupa makabrasha yake ya zamani, akaokota bahasha mbili za picha. Akanunua albamu. Kumbe mifuko ya albamu ile ilikuwa midogo kuliko picha, na kila picha ilikuwa na mabwana waliojipanga kando ya gari, vifua mbele, utadhani wao ndio waliotengenezwa kiwandani. Mzee Geji akaona dawa ni mkasi. Waliosimama kando aliwakata. Picha ambazo watu walisimama mbele na kuziba taa, hizo hakuzitaka kabisa.

Baadaye akaanzisha kundi kwenye simu. Waliingia madereva wastaafu, mafundi makanika, mwalimu mmoja na bwana fulani ambaye hajawahi hata kuona nyumba ikiungua. Walikuwa watu sitini na watatu, na sheria ilikuwa moja: gari tu, watu hapana. Ukirusha picha ya mjomba wako ameegemea bampa, Mzee Geji anakusuta mbele ya wote. Wanachama walimtii, na wengine wakanunua mikasi yao.

Asubuhi moja ya siku ya kazi alirusha picha aliyoipenda kuliko zote, ya gari aliloliendesha mwenyewe, lenye ngazi ya mbao na kengele ya shaba. Ukingoni kushoto ulibaki mkono wa mtu, kuanzia kiwiko hadi vidole, umeshika wenzo wa pampu. Huo alishindwa kuukata bila kuikata pampu yenyewe. Aliomba radhi kwa kasoro hiyo.

Kabla chai haijapoa, ukaingia ujumbe wa sauti ya mwanamke, kwake peke yake.

"Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani, jirani yangu makanika ndiye aliyeniingiza kwenye kundi lenu. Huo mkono nadhani ni wa baba yangu. Kazini walimwita Taratibu. Mama alikuwa akinisimulia kwamba alipigwa picha moja tu kituoni, siku gari jipya lilipoletwa, ameshika wenzo wa pampu. Baba alifariki nina miezi mitano. Picha zetu za nyumbani zote ziliharibika nyumba ilipoingiwa na maji. Naomba unirushie picha nzima, mzee wangu. Sijawahi kumwona baba yangu."

Aliusikiliza mara tatu. Mara ya tatu akakaa kwenye kiti akashika tama. Ni kweli, alikuwa Taratibu, mshika mpira wao, mtu asiyekimbia hata paa likianguka. Alikumbuka hata siku ya mkasi, miaka kumi na mitano nyuma, hapo hapo kwenye meza ya kulia. Mkewe alimuuliza hao watu wanaokatwa wamemkosea nini, naye akajibu kwamba watu wamejaa tele duniani, gari kama hili lilikuwa moja.

"Mama watoto," aliita, "vile vipande vya picha uliviweka wapi?"

"Vipande gani?"

"Vya watu."

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. "Nilivifagia. Miaka kumi na mitano, baba watoto! Ulitaka nivitie kwenye fremu?" Kisha akauona uso wa mumewe, akaacha mzaha.

Mzee Geji hakukaa kitako. Alimpigia fundi mstaafu waliyemwita Spana, ambaye alikuja kituoni Taratibu akiwa ameshafariki, lakini alikuwa na nakala ya pili ya picha ile.

"Ninayo," Spana alisema. "Ila nilimkata yule bwana."

"Ulimkata kwa nini?"

"Ala! Si wewe uliyesema?"

Akaenda kwenye studio iliyopiga picha ile, akakuta ni saluni. Mtoto wa mpiga picha alimwambia negativu zilitupwa mzee wake alipofariki, gunia zima. Akaenda kituoni. Karani, kijana mpole sana, alifungua kabati la mafaili ya wafanyakazi wa zamani akamwonyesha kazi ya mchwa. Akarudi nyumbani akaandika kwenye kundi, akaomba yeyote mwenye picha nzima ya gari lile ajitokeze. Alitumiwa pole arobaini na moja. Mwalimu alimkumbusha, bila ubaya wowote, sheria ya kundi.

Kumwambia yule mwanamke kwenye simu alishindwa. Mwishowe akasema tu, "Njoo nyumbani Jumamosi, mwanangu." Huo ulikuwa uoga, na alijua ni uoga.

Jumamosi mchana alifika. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa vizuri, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni kwa kusahau. Mkononi alikuwa na fremu mpya ambayo haijabanduliwa karatasi ya dukani. Mke wa Mzee Geji alipoiona fremu ile alirudi jikoni kuandaa chai ambayo tayari ilikuwa mezani.

Mzee Geji alimwekea picha mbele yake. Fundi cherehani aliutazama ule mkono muda mrefu, akaugusa kwa kidole. Kisha akaigeuza picha akatazama nyuma yake, kama vile sehemu iliyobaki ingekuwa huko.

"Na ile nusu nyingine, mzee?"

"Hakuna nyingine. Nilimkata."

"Ulimkata?"

"Hakutosha kwenye albamu."

Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa kweli alikuwa anayangoja matusi, maana yangempa la kufanya, angalau kuinamisha kichwa. Lakini mwanamke hakutukana. Aliilaza fremu kifudifudi juu ya meza, akangoja mpaka mama wa nyumba aliporudi akaketi.

"Basi nisimulie wewe," alisema. "Mama aliniambia baba na dereva Geji walifanya kazi pamoja miaka minane. Watu walikuwa wakisema nimefanana naye, lakini waliomjua wote wameshatangulia. Umebaki wewe."

"Alikuwa mtu wa taratibu," Mzee Geji alianza. "Mpira aliubeba bega la kushoto. Alikuwa na kikohozi kifupi. Akicheka hatoi sauti."

"Uso je?"

Mwanamke akaisogeza shela yake nyuma, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. "Nitazame. Nimechukua nini kwake? Macho? Pua?"

Mzee Geji alimtazama. Alitafuta. Lile gari lilimjia lote, mkwaruzo wa mlango wa kulia, gia ya pili iliyokuwa inagoma, namba ya tangi. Taratibu alimjia pia, lakini akiwa amempa mgongo, kofia ya chuma na mabega, anaelekea motoni na mpira, ndivyo alivyomwona miaka yote minane huku yeye akiangalia geji. Bila shaka walikula pamoja, walicheka pamoja, waliketi wakitazamana. Huko kote uso haukuwepo. Alifumba macho akajaribu tena.

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Mzee Geji alimwelewa. Neno moja tu lingetosha, macho, aseme macho, mgeni aondoke na kitu. Alifungua mdomo aseme macho, na hata uongo ukamshinda, kwa sababu macho ya yule mwanamke yalikuwa yanamngoja.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Sikumbuki."

Fundi cherehani hakuinamisha uso wala hakujifunika shela.

"Subiri, mzee, usikate tamaa," alisema. "Labda nikigeukia upande huu." Na akageuka.